Kumsifu mtu kwa Kihispania: "simpático", "amable" na "bueno" si neno moja

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha. Kihispania najifunza mwenyewe, mwaka wa tatu sasa, kwa simu na kwa kuwasikiliza wageni. Mwezi uliopita nilikuwa na mzee mmoja na mkewe kutoka Valencia, siku sita, kuanzia Tarangire hadi Serengeti. Tulielewana mno. Katikati ya safari nikapigiwa simu ya msiba, na wale wazee wakanikalia kama wazazi wangu. Tulipoagana nikamwandikia yule mzee: Su esposa está muy buena y usted es muy gracioso. Gracias por ser simpáticos cuando murió mi tío. Nilitaka kusema mkewe ni mtu mwema, yeye mwenyewe ni muungwana, na ahsanteni kwa huruma yenu. Akajibu Gracias, neno hilo moja tu, na mpaka leo kimya. Kamusi ya kwenye simu yangu inasema simpático, amable, agradable, bueno, majo na encantador yote ni nice. Kama yote ni kitu kimoja, nimekosea wapi? Na nishike lipi nisije nikaharibu tena?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa msiba. Umeandika "tío", na neno hilo halinionyeshi kama ni mjomba, baba mdogo au baba mkubwa, maana Kihispania kimewaweka wote chungu kimoja. Yeyote aliyekuwa kwako, Mungu ampumzishe.

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na naona unaumwa na mambo mawili. Unataka kujua ulimwambia nini yule mzee, na unataka neno moja la kushika ili usikosee tena. La kwanza nitakujibu waziwazi, hata kama litakuchoma kidogo. La pili sitakupa unavyolitaka, kwa sababu neno moja la kutosha kila mahali halipo. Nitakupa swali la kujiuliza kabla ya kusifu, na swali hilo litakufaa zaidi ya neno.

Sentensi iliyokuangusha ni ya kwanza. "Bueno" ni neno zuri kabisa, lakini maana yake inategemea kitenzi kilicholitangulia. Kihispania kina vitenzi viwili pale Kiswahili kinaposema "ni" au "yuko": "ser" husema mtu alivyo, na "estar" husema hali aliyo nayo. "Su esposa es muy buena" maana yake mkeo ni mtu mwema sana. "La sopa está muy buena" maana yake supu ni tamu. Sasa "está muy buena" ikisemwa kuhusu mwanamke, mnenaji anausifu mwili wake kwa jicho la tamaa, tena kwa lugha ya vijana wa kijiweni. Hivyo ndivyo ulivyomwandikia mzee wa watu kuhusu mkewe. Na "gracioso" halimaanishi muungwana. Ni mtu wa kuchekesha. Huo si tusi, mzee anaweza hata kufurahi kuitwa hivyo, ila si ulichotaka kusema. Sentensi ya mwisho nayo, kwa masikio ya Mhispania, ilikuwa kama kusema: ahsanteni kwa kuwa wachangamfu alipofariki mjomba wangu.

Usijikunje kwa aibu. Kosa la "está buena" nimelisikia kwa wanafunzi wa kila aina, na Wahispania wenyewe wanalijua vizuri kama kosa la wageni. Mtu aliyekaa nawe garini siku sita, akakuona ukilia na ukicheka, hawezi kukuhukumu kwa silabi chache. Inawezekana kabisa kimya chake hakihusiani na sentensi yako: watu hurudi makwao, kazi na wajukuu huwadaka, simu husahaulika.

Ufanye nini sasa? Unaweza kunyamaza, na hakuna dhambi katika hilo. Kunyamaza kunafaa kama mlikuwa mgeni na mwenyeji tu, mkaagana, basi. Lakini umesema walikukalia kama wazazi, na kosa linamgusa mke wa mtu. Mimi ningeandika, mara moja tu, kwa ufupi, bila maelezo marefu ya sarufi na bila utani. Andika hivi: "Le pido disculpas. Me equivoqué con el español: quise decir que su esposa es una persona muy buena. Los dos fueron muy amables conmigo cuando murió mi tío." Yaani, naomba radhi, nilikosea Kihispania, nilitaka kusema mkeo ni mtu mwema sana, na nyote wawili mlinitendea wema nilipofiwa. Akijibu, shukuru. Asipojibu, usiandike tena.

Sasa tuje kwenye kamusi yako, maana huko ndiko tatizo lilikoanzia. Wewe hukutoka Kiswahili kwenda Kihispania. Ulipitia Kiingereza, na Kiingereza kina kikapu kimoja kikubwa kinachoitwa "nice", kinachobeba chai, hali ya hewa, kiatu na binadamu. Kihispania hakina kikapu hicho, na Kiswahili pia hakina. Ukitaka kumsifu mtu kwa Kiswahili lazima uchague: ni mchangamfu? ni mcheshi? ni mkarimu? mpole? muungwana? mwema? Hakuna Mswahili anayemwita mchangamfu mtu aliyekuja kumpa pole kimyakimya msibani. Sikio hilo la kuchagua unalo tangu utotoni, ukaliacha mlangoni ulipoanza lugha ya kigeni. Lirudishe. Kila unapotaka kumsifu mtu kwa Kihispania, jiulize: uzuri wa mtu huyu umekaa wapi? Uko katika raha ninayoipata nikiwa naye, uko katika jambo alilonitendea, au uko moyoni mwake?

Raha ya kuwa naye ndiyo "simpático". Neno lilitoka kwenye Kigiriki, sehemu yake ya kwanza ikimaanisha pamoja na ya pili ikimaanisha hisia. Kutoka mzizi huo Kiingereza kilichukua njia ya majonzi, kuhisi uchungu wa mwenzako, ndiyo maana ukadhani neno hili ni huruma. Kihispania, kama Kifaransa na Kiitaliano, kilichukua njia ya mvuto: hisia zinazowavuta watu wawili wakapendana bila kujua sababu. Sisi tunasema damu zimepatana. Mtu "simpático" ni yule unayemwona dakika tano ukatamani akae karibu nawe mezani, mwenye bashasha, wa kupiga soga, mtu wa watu. Kinyume chake ni "antipático", uso wa ndimu. Ona kwamba katika hayo yote hakuna wema hata kidogo. Neno hili halisemi lolote juu ya moyo wa mtu, linasema tu jinsi anavyokuingia.

Kwa hiyo mnyama naye anaweza kuwa "simpático". Ngiri akikimbia kando ya njia na mkia juu kama antena, wageni wako watapiga kelele "¡qué simpático!" na hawatasema kamwe kwamba ni "amable", kwa kuwa ngiri hajamtendea mtu hisani yoyote. Mji mdogo, wazo, hata sura ya mtoto vinaweza kuitwa hivyo, kwa maana ya kupendeza kwa namna ya kuchangamsha.

Kuna matumizi mengine ambayo nakutajia uyajue ukiyasikia. Hispania ukimuuliza mtu kama rafiki yake anayetaka kukukutanisha naye ni mzuri wa sura, akajibu "es muy simpática", amekwisha kukujibu. Ni kama kwetu ukiuliza uzuri wa mchumba ukaambiwa, "ana tabia nzuri sana." Lakini Peru hali inaweza kugeuka, maana huko "simpático" huweza kumsifu mtu mwenye sura ya kuvutia. Ukiwa na wageni wa Lima, angalia mazungumzo yanaelekea wapi kabla ya kuamua umesikia nini.

Pamoja na neno hili, beba na kitenzi chake cha nyumbani, "caer". Wahispania wakitaka kusema fulani amewaingia vizuri husema "me cae bien", yaani, neno kwa neno, ananiangukia vizuri. Kama hampatani ni "me cae mal". Nakuomba ulishike hili kuliko kivumishi chochote katika barua hii, kwa sababu litakuokoa na shimo baya kuliko lile uliloangukia. Mwanafunzi anayejua "me gusta el café" hudhani anaweza kusema "me gusta su esposa". Ya kwanza ni napenda kahawa. Ya pili, msikilizaji ataielewa kwamba mkeo ananivutia kimapenzi. "Su esposa me cae muy bien" ni salama na ni tamu masikioni: nampenda mkeo kama mtu, tumepatana.

Twende kwenye jambo alilokutendea. Hapo neno ni "amable". Hili asili yake ni Kilatini, kutoka kitenzi cha kupenda, na mkia wake "-ble" unafanya kazi iliyo karibu na "-ika" yetu. "Agua potable" ni maji yanayonyweka. "Amable", kwa mzizi wake, ni mtu anayependeka. Lakini karne zimelisogeza neno kutoka mtu anayependeka hadi mtu anayefanya mambo ya kupendeka: anakushikia mlango, anakuelekeza njia, anakungoja bila kukunja uso. Kiswahili cha pwani kina neno zuri la tabia hiyo, jamala, na naona linakaa karibu na "amabilidad" kuliko neno lolote jingine. Ndiyo maana "muy amable", peke yake, hutumika kama ahsante. Mgeni akikuambia hivyo baada ya kumpokelea begi, hajadai kuijua roho yako, ameshukuru kitendo. Na "¿sería usted tan amable de esperar un momento?" ndiyo "kwa hisani yako, subiri kidogo." Sentensi hiyo ijue kwa moyo. Utaitumia kila siku kwenye lango la hifadhi.

Hapa pia "ser" na "estar" vinafanya kazi, ingawa bila hatari ile. "Es muy amable" ni tabia yake. "Hoy está muy amable" ni leo amekuwa mwema, na ndani yake kuna mshangao, kana kwamba jana hakuwa hivyo. Ukimwambia bosi wako "está usted muy amable hoy" anaweza kujiuliza siku nyingine unamwonaje. Ukitaka kushukuru kwa tukio lililopita, sema "fue muy amable conmigo" na hakuna atakayejikwaa.

Bado uko moyo wenyewe, na moyo ni wa "bueno". "Es bueno", "es buena persona", au "es buena gente" kama wanavyopenda kusema Amerika ya Kilatini na hata Hispania kwenyewe. Hilo la mwisho halibadiliki, mwanamume ni "buena gente" na mwanamke ni "buena gente". Ukitaka neno lenye uzito zaidi, la mtu mwenye huruma iliyomjaa, lipo "bondadoso". Hilo ni la maandishi na hotuba, na la kumkumbuka marehemu. Mezani litasikika zito. Angalia pia mahali unapolipanga. "Un hombre bueno" ni mtu mwema, huo ni ushuhuda. "Un buen hombre" nayo ni sifa, lakini ikisemwa kwa sauti fulani huweza kuwa ya kumshusha mtu, kama tunavyosema "mtu wa watu huyu, masikini." Kwa kuwa wewe bado unajifunza sauti, tumia "una persona muy buena" au "muy buena persona", zote ziko salama.

Nikupe watu watatu uwaweke kichwani, wakusaidie kutenganisha. Fikiria tapeli stadi wa stendi. Anakuchekesha, anakuita kaka, ndani ya dakika kumi umemwamini na nauli yako. Huyo ni "simpático" kuliko padri, na si "bueno" hata chembe. Fikiria nesi aliyechoka usiku wa manane anayekuelekeza kila hatua kwa upole, bila tabasamu, kisha anaendelea na kazi. Ni "amable". Hujui moyo wake, na hukupata muda wa kumzoea. Halafu fikiria yule mjomba asiyecheka, mkali, ukimsalimia anaitikia kwa koo tu, ambaye baba yako alipofariki alikulipia ada mpaka kidato cha sita na hajawahi kulitaja hilo mbele ya watu. "Simpático" hapana. "Amable", wengine watabisha. "Bueno", ndiyo, tena sana. Mhispania angesema juu yake "es serio, pero muy bueno". Wazee wako wa Valencia walikuwa na yote matatu, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuchagua.

"Agradable" nitaipita haraka. Ni kupendeza kwa jumla, na iko nyumbani zaidi kwa vitu na hali: "una temperatura agradable", "un viaje agradable". Kumwita mtu "agradable" si kosa, lakini ni sifa ya uvuguvugu, kama kusema hana neno, mtu wa kukaa naye vizuri. Siku ya kuagana na watu waliokufariji, ni kidogo mno.

"Encantador" nayo, kinyume chake, ni kubwa. Imetoka kwenye neno la Kilatini la kuimbia uganga, kumloga mtu kwa wimbo, na hadi leo mchezesha nyoka ni "encantador de serpientes". Mtu "encantador" amekuteka. Ni nzuri kwa bibi mwenye haiba, kwa mwenyeji aliyekupokea nyumbani kwake, kwa mtoto. Mwanamume kijana akimwambia mwanamke "eres encantadora" wakiwa wawili, itasikika kama kutongoza. Ukimsifu mke wa mgeni, sema "su esposa es encantadora" mbele ya mume au katika barua yao wote wawili, nao watafurahi. "Encantado" unayoisikia wakipeana mikono ni ya ukoo huohuo, lakini imekwisha kuwa salamu tu: nimefurahi kukufahamu. Mwanamke husema "encantada".

"Majo" napenda niisimulie, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikesha nayo usiku mzima. Nilipokuwa mwanafunzi Hispania nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Wiki ya kwanza nikamsikia akimwambia jirani dirishani, "la chica nueva es muy maja". Nikafungua kamusi yangu ya zamani. Ikaniambia "majo" ni mtu wa mitaa ya watu wa kawaida ya Madrid ya karne ya 18, mwenye mavazi ya madaha na maneno makali. Ndio hao mchoraji Goya aliowachora, na wanawake wake wawili, yule aliyevaa na yule asiyevaa, bado wako kwenye jumba la sanaa la Prado, Madrid, wakiitwa "maja". Nikakosa usingizi nikijiuliza nimevaa nini kibaya. Asubuhi nikamuuliza, akanikumbatia. Kwa Mhispania wa leo "majo" ni mtu poa, mwema wa kawaida, asiye na makuu, anayechanganya kidogo "simpático" na kidogo "bueno". "Es un tío muy majo" ni jamaa poa sana, na hapo "tío" si ndugu wa mzazi, ni "jamaa" tu wa mazungumzo.

Ila hilo ni la Hispania. Ng'ambo ya Atlantiki watakuelewa, lakini watakusikia kama mtu aliyejifunzia Madrid. Meksiko, Chile na Ajentina utawasikia wakisema "es muy buena onda". Venezuela, Kolombia, Peru na Ekuado, "es chévere". Kolombia hata "es muy querido", ambayo kwa neno ni mpendwa lakini kwa maana ni mtu mwema wa kupendeka. Usijaribu kuyabeba yote. Mgeni anapolitumia neno lake, lidake na umrudishie lilelile kabla safari haijaisha. Ukiwa hujui mgeni katoka wapi, "amable" na "simpático" zinafika kila mahali.

Na kwa kuwa kazi yako ni ya wanyama, nikukumbushe jingine la Hispania litakalokuhangaisha siku moja kama halijakuhangaisha tayari. Mgeni anamwonyesha mtoto wa tembo, anasema "¡qué mono!" na wewe unamtafuta tumbili mtini. "Mono" ni tumbili kweli, lakini Wahispania hulitumia pia kwa kitu kidogo cha kupendeza. Hajakosea mnyama.

Umetaja "gracioso", na nakuongezea ndugu yake "educado", kwa sababu yote mawili yanakunja kona palepale Kiingereza, kwa "gracious" na "educated", kinapoonekana kukusaidia. "Educado" humaanisha mwenye adabu, aliyelelewa akaleleka. Aliyesoma sana ni "culto". Mtoto wa chekechea anaweza kuwa "muy educado" na profesa akawa "maleducado". Kwa hiyo ukitaka muungwana, neno ulilolikosa siku ile lilikuwa "educado", au "todo un caballero" kwa mzee wa heshima.

Nimalizie upande wa maneno kwa mdomo wako, maana sikuwahi kukusikia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wako utataka kusema "simpaTIco". Alama iliyo juu ya "á" inakuambia ukaze mapema: sim-PA-ti-co. Nasi tunajua mkazo unavyoweza kugeuza neno. "Barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa zinaandikwa sawa, lakini ukikosea mkazo umepotea. "Amable" na "agradable" zitakutii zenyewe, mkazo wake uko pale unapoupenda. "Encantador" inakaza mwisho kabisa. Upande mwingine una bahati ambayo Waingereza hawana: "j" ya "majo" ni ile "kh" ya Khamis, na "d" ya katikati ya "educado" ni laini, karibu na "dh" ya dhahabu. Usiogope kuitoa hiyo "j" kooni. Jinsia nayo: "simpático" na "majo" hugeuka kuwa "simpática" na "maja", "encantador" huongeza "-a", lakini "amable" na "agradable" hazibadiliki kwa mwanamume wala mwanamke. Kwa watu wengi, ongeza "-s" tu, isipokuwa "encantador" inayokuwa "encantadores". Ukitaka kuzidisha, "simpático" inakuwa "simpatiquísimo", na "amable" inakuwa "amabilísimo", ikikumbuka Kilatini chake.

Sasa nikuambie wapi barua hii haitoshi. Maandishi yanaweza kukupa maana, hayawezi kukupa sauti. Neno "gracioso" likisemwa kwa kicheko ni sifa, likisemwa kwa ukavu ni dharau, na tofauti hiyo utaipata kwa kukaa na mtu anayekusikiliza akakusimamisha. Ukiweza, tafuta mwalimu wa ana kwa ana hata kwa mwezi mmoja, au mkubaliane na mgeni mmoja mwenye subira kila safari kwamba akurekebishe papo hapo, bila haya. Wengi hawatakurekebisha usipowaomba, kwa sababu wao nao ni "amables". Kabla hujachapa kitu kisichofutika, tovuti ya kampuni, kipeperushi, video ya matangazo, mpe Mhispania au Mlatini akisome chote kwa sauti. Usiitegemee kamusi ya simu kwa hilo, hata kama ilikusaidia kwa menyu. Na kukitokea jambo zito, mgeni ameumia, kuna malalamiko ya kisheria, mtu amefiwa akiwa mikononi mwako, mwite anayeijua lugha kikamilifu na wewe baki na mambo mafupi.

Kwa msiba wenyewe, kwa kuwa ulikuwa ukitafuta neno la huruma: Wahispania hawaendi na kivumishi hapo. Husema "lo siento mucho", nasikitika sana, au "te acompaño en el sentimiento", nakusindikiza katika hisia zako, na kwa mtu wa kuheshimiwa "le acompaño". Hiyo ya pili inabeba maana ileile ya Kigiriki ya kale, kuhisi pamoja, ambayo "simpático" ilikwisha kuiacha njiani. Huenda yule mama alikuambia hivyo garini nawe hukuidaka.

Na wakati mwingine ukiagana na watu kama wale, andika hivi: "Su esposa es muy buena persona y usted es muy simpático, me reí mucho con sus historias. Nunca olvidaré lo bien que se portaron conmigo cuando murió mi tío." Mkeo ni mtu mwema sana, na wewe ni mchangamfu, nilicheka mno kwa hadithi zako, sitasahau mlivyonitendea wema nilipofiwa. "Portarse bien con alguien" ni kumtendea mtu vizuri, na kwa walichokufanyia wale wazee, naona ndiyo sentensi iliyokuwa ikikutafuta. Isome kwa sauti mara tatu, kisha nirekodie unitumie, nisikie hiyo "á" ya "simpático" umeiweka wapi.